Gari Hii Haina Shida

Mjomba wangu alinipigia simu Jumapili moja jioni akaniomba nimwandikie tangazo la kuuza pikapu yake. "Wewe si ndiyo kazi yako kuandika," alisema. "Andika vizuri, watu wavutike. Ila usiandike mambo mengi."

Nilielewa mara moja maana ya hayo "mambo mengi". Yalikuwa jambo moja tu: chasisi ya gari ilikuwa imepasuka upande wa kulia, nyuma kidogo ya kebini, ikachomelewa, ikapakwa rangi. Sisi wenyewe tuliuziwa hivyo bila kuambiwa. Sasa ilikuwa zamu yetu kuuza.

Nimeshaandika habari za mabilioni yaliyoliwa, nikalala usingizi wangu vizuri tu. Tangazo la mistari minne lilininyima usingizi wiki nzima.

Nianze mwanzo. Mjomba ni mkulima wa Mgeta, juu huko kwenye milima ya Uluguru. Analima kabichi, karoti na njegere kwenye matuta yaliyokatwa ubavuni mwa mlima. Anayeijua barabara ya kutoka Sangasanga kupanda Mgeta anajua kwamba kulima si kazi ngumu kule. Kazi ni kushusha mzigo. Kwa miaka mingi alikuwa akilipia nafasi kwenye magari ya watu. Gari likichelewa, mboga inanyauka. Likijaa, anabaki na magunia yake barabarani. Akajibana, akauza ng'ombe wawili, akaongeza mkopo wa kikundi, ikatimia milioni 32. Akaniita kutoka Dar nimsaidie kuchagua. Sijui chochote kuhusu magari, lakini mimi ndiye msomi wa ukoo, na kwenye ukoo wetu msomi anadhaniwa kujua kila kitu.

Ukitaka pikapu ya mkononi ya ukubwa wa kati hapa kwetu, majina ni yale yale: Toyota Hilux, Isuzu D-Max, Nissan Navara, Mitsubishi L200, Ford Ranger, Mazda BT-50. Kila moja ina mashabiki wake, na ubishi wao hauna tofauti na wa Simba na Yanga. Ukweli ni kwamba kimaumbile hazipishani sana. Nyingi zimejengwa juu ya chasisi ya ngazi, yaani vyuma viwili virefu vilivyounganishwa kwa vyuma vya kukatiza. Kebini na bodi vimefungwa juu yake kwa bolti, na nyuma kuna springi za kubeba mzigo wa kama tani moja. Kinachozitofautisha zikishazeeka ni mambo ya pembeni: spea zinapatikana wapi na kwa bei gani, fundi wa karibu anaijua injini ipi, na ukitaka kuiuza kesho nani atainunua.

Kwenye hayo yote Hilux ina jina. Imekuwa sokoni tangu 1968. Mwaka 1987, Chad ilipopigana na Libya, wapiganaji wa Chad walitumia pikapu za Toyota kiasi kwamba awamu ile ikaitwa Vita vya Toyota. Mwaka 2003 kipindi cha Top Gear cha BBC kiliamua kuiua Hilux moja kuukuu: waliiacha ikafunikwa na maji ya bahari, wakaichoma moto, wakaipandisha juu ya jengo la ghorofa kisha jengo likabomolewa kwa baruti. Ikawashwa, ikawaka. Mjomba hajawahi kukiona kipindi hicho, lakini anakijua. Kila fundi wa Morogoro anakisimulia kama alikuwepo.

Jina kama hilo ni mali. Shida ni kwamba jina likishakuwa kubwa linamfanyia muuzaji kazi ambayo ilitakiwa ifanywe na gari lenyewe. Watu hudhani, kwa mfano, kwamba kila Hilux imetoka kwenye barabara laini za Japani. Lakini Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004, ikairudisha 2017. Zile za katikati hapo, tunazoziita Vigo, zilitengenezwa kwingine, Thailand na Afrika Kusini, na zipo nyingi hapa kwetu zilizoanza maisha kwenye miradi, na namba zao za DFP, zikachapwa vijijini miaka kadhaa, ndipo zikapigwa mnada. Gari lile lile, jina lile lile, maisha tofauti kabisa. Jina halikusimulii maisha.

Tuliishia na magari mawili.

La kwanza lilikuwa L200, namba D, milioni 26. Mwenye nalo alikuwa mwalimu mstaafu anayeishi Kihonda. Alitukaribisha chai kwanza. Kisha akatoa daftari la shule, lile la kurasa 96, akaanza kutusomea. Klachi imebakiza miezi michache. Foo wili inakubali ikitaka, isipotaka haikubali. Inapunguza oili kidogo kila mwezi. Mlango wa nyuma kushoto ulikwaruzwa na bodaboda. Rejeta ilibadilishwa, si ya asili. Kilomita za kwenye dashibodi ni za kweli kwa miaka aliyokaa nalo yeye. Za kabla ya hapo hawezi kuziapia.

"Mimi nauza na aibu zake," alisema akifunga daftari. "Ukinunua, umenunua unajua."

La pili lilikuwa Hilux Vigo, namba C, milioni 31, mkononi mwa dalali pale Msamvu. Lilikuwa limeoshwa mpaka injini. Tairi zilikuwa nyeusi tititi. Mjomba alizunguka mara mbili, akauliza, "Ina shida gani?" Dalali akacheka kama mtu aliyetukanwa kwa utani. "Mzee, gari hii haina shida. Ni wewe kuweka mafuta na kuondoka."

Tuliomba fundi alikague. Dalali akatuletea fundi. Ndiyo, dalali ndiye aliyetuletea. Najua unachofikiri, na sina la kujitetea.

Usiku ule tulikaa na kalamu. L200 ilikuwa na matatizo sita. Hilux ilikuwa na matatizo sifuri. Mjomba alisema neno ambalo siku hizi likinijia naona haya: "Yule mwalimu mwenyewe anakiri gari lake bovu. Mimi nani nibishane naye?" Tukachukua Hilux.

Ukilitazama kosa letu vizuri, halikuwa kosa la kuchagua Toyota badala ya Mitsubishi. Yangeweza kuwa majina yoyote. Kosa lilikuwa kwamba tulilinganisha orodha na ukimya, tukadhani ukimya ni sifuri. Mtu mmoja alitupa habari, mwingine akatunyima. Tukamwadhibu aliyetupa, tukamlipa milioni tano zaidi aliyetunyima.

Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, alichapisha makala kuhusu hali hii hii. Majarida matatu yalikuwa yameikataa kabla. Mwaka 2001 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Wamarekani huliita gari bovu lililofichwa ubovu wake "limau", na Akerlof aliuliza soko la magari ya mkononi linakuwaje pale ambapo muuzaji anajua lipi ni limau na mnunuzi hajui. Jibu lake ni la kusikitisha. Kwa kuwa mnunuzi hawezi kutofautisha, anatoa bei ya kati kwa yote. Mwenye gari zuri anaona bei hiyo inamwonea, analiondoa gari lake sokoni. Yanabaki mabaya, bei inashuka tena, na walio bora kidogo nao wanaondoka. Soko linajila lenyewe.

Tunao msemo wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Akerlof, kwa namna fulani, anatuambia kwamba soko likishazoea magunia, hata mwenye mbuzi mnene anaacha kumleta. Mimi naongeza jambo moja ambalo tulilifanya pale Kihonda: mbuzi mmoja aliletwa nje ya gunia, tukaona mbavu zake, tukaenda kununua gunia.

Mwezi wa nne, Mjomba akishuka na kabichi, alianza kusikia mlio kila anapoingia kwenye shimo. Si mlio wa springi. Fundi wa Morogoro mjini, safari hii tuliyemtafuta wenyewe, aliingia uvunguni, akakwangua rangi kwa bisibisi, akatoka bila kusema kitu. Akamwita Mjomba naye aingie. Palikuwa na alama ya zamani ya kuchomelea, na pembeni yake ufa mpya, wa urefu wa kidole.

"Hii ilishavunjika siku nyingi," fundi alisema. "Iliungwa tu."

Chasisi ndiyo uti wa mgongo wa pikapu. Ikivunjika ukaiunga vibaya, chuma kilichopata moto kandokando ya weldingi kinakuwa tofauti na chuma kingine, na kila mzigo, kila kona ya mlima, inapinda pale pale. Haitoi taarifa. Siku inapoachia unakuwa barabarani. Na si Mgeta tu. Huko Marekani, ambako chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji inakula chuma, Toyota ilikubali mwaka 2016 kumaliza kesi ya chasisi zenye kutu za Tacoma na magari yake mengine mawili kwa gharama iliyokadiriwa kufika dola bilioni 3.4, bila kukiri kosa. Hata gari lenye jina lina chuma, na chuma kina historia yake. Ya kwetu haikutoka kiwandani. Mtu fulani aliivunja, mtu fulani akaificha.

Nilimpigia dalali. Hakukana wala hakukasirika. "Dada," alisema, "mbona hamkuuliza habari ya chasisi?"

Sentensi hiyo ni ya zamani kuliko dalali yeyote wa Msamvu. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero alimwandikia mwanawe aliyekuwa akisoma Athens kitabu kuhusu wajibu, na sehemu ya tatu ya kitabu hicho anasimulia mabishano ya wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater wa Tarso. Mfanyabiashara analeta nafaka kutoka Alexandria kwenda kisiwa cha Rhodes chenye njaa. Njiani ameziona meli nyingine zimejaa nafaka, zinakuja. Je, awaambie watu wa Rhodes, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Kisha Cicero anatoa mfano wa pili: mtu anauza nyumba ambayo yeye peke yake anajua kwamba mbao zake zimeoza na vyumbani wanatokea nyoka.

Diogenes anasema muuzaji ataje kasoro ambazo sheria inamtaka azitaje, asidanganye, na zaidi ya hapo auze kwa bei nzuri kadiri awezavyo. Kunyamaza si kuficha. Antipater anasema hapana: binadamu tumefungwa pamoja, faida yangu na yako si vitu viwili vya kutenganishwa, kwa hiyo mnunuzi ajue yote ninayoyajua. Cicero mwenyewe anasimama na Antipater. Kwake, ukitaka mtu asijue jambo ambalo lingemfaa kulijua, na unataka hivyo kwa faida yako, hapo umeshaficha, hata kama hukufungua mdomo.

Kwa dalali wetu sidhani kama tunahitaji kufika mbali hivyo. Maneno "haina shida" sokoni ni kama "karibu mteja". Hakuna anayeyachukulia kuwa ushahidi wa mahakamani. Lakini ile rangi nyeusi? Kupaka rangi juu ya ufa ni kusema hapa hakuna ufa. Awe ni yeye aliyepaka au aliyemtangulia, uongo ulisemwa. Hata Diogenes asingemtetea.

Ila kwa Mjomba mambo yalikuwa magumu zaidi. Fundi alikuwa ameiunga tena chasisi, safari hii kwa kuongeza bati nene la chuma pande zote mbili, na akapaka rangi ili isishike kutu. Akasema wazi: mizigo midogo ya mjini itabeba, milima ya Mgeta na tani moja asiithubutu. Gari likawa halina kazi kwa Mjomba. Mkopo wa kikundi unadai. Akaamua kuliuza. Hakukusudia kusema uongo wowote. Alikusudia kunyamaza tu. Hii ndiyo kesi halisi ya Diogenes, na mshtakiwa ni mtu aliyenilipia ada ya sekondari.

Nisimfanye Mjomba kuwa mtu mbaya, kwa sababu hoja zake zilikuwa na uzito. Alisema hivi. Kwanza, mimi nimeibiwa. Kwa nini hasara ya mwizi ibaki kwangu? Pili, kila anayenunua gari la mkononi anajua anachofanya. Ana macho, alete fundi. Tatu, bei ya soko tayari ina hofu ndani yake. Watu hawalipi milioni 31 kwa Hilux ya namba C kana kwamba ni mpya. Na nne, ambayo hakuisema kwa sauti kubwa: "Wanakikundi wenzangu nitawaambia nini? Kwamba nina roho safi?"

Hoja ya nne ndiyo iliyonishika. Kikundi kile ni akina mama ishirini na kitu na wanaume wachache. Pesa ya mkopo ni pesa yao. Ukweli wangu ungewagusa na wao.

Basi nikaanza kutafuta wakubwa wa kunisaidia kufikiri. Mjomba ni Mkatoliki, na Tomaso wa Akwino, mwalimu mkubwa wa kanisa lake, aliliuliza swali hili hili katika karne ya 13. Jibu lake lina kipimo ninachokipenda. Kasoro inayoonekana, kama farasi mwenye jicho moja, muuzaji halazimiki kuitangaza, maadamu bei ameipunguza inavyostahili. Mnunuzi ana macho. Lakini kasoro iliyofichika, yenye kumletea mnunuzi hasara au hatari, lazima isemwe. Ukilipima gari la Mjomba kwa kipimo hicho, mlango uliokwaruzwa ni jicho la farasi. Chasisi siyo. Hoja ya "ana macho" inaishia pale kitu kinapokuwa uvunguni, chini ya rangi.

Mwalimu wa Kihonda ni Mwislamu, na nilipolikumbuka neno lake nikaelewa kwamba hakuwa anaongea ovyo. Katika fikihi, kasoro ya bidhaa inaitwa kwa neno lile lile lililotupa "aibu". Mnunuzi akigundua aibu iliyokuwepo tangu kabla ya kununua na hakuambiwa, ana hiari ya kurudisha mali. Waislamu husimulia jinsi Mtume alivyoingiza mkono kwenye rundo la chakula sokoni akakuta chini kumelowa, akamuuliza mwenye nacho kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa watu waione. Nimependa kwamba Kiswahili hakikutenganisha maneno haya mawili. Aibu ya gari na aibu ya mtu ni neno moja. Ukiificha ile ya gari, unaibeba mwenyewe.

Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, tuliyoirithi kwa Waingereza, haifiki huko. Sharti la ubora linambana zaidi mtu ambaye biashara yake ndiyo kuuza bidhaa hizo. Mtu binafsi anayeuza gari lake moja na kunyamaza, kwa kiasi kikubwa yuko salama; mnunuzi awe macho. Mjomba alipouliza kwa mwanasheria wa mtaani akaambiwa hivyo, alifurahi. Mimi nilibaki najiuliza: kama sheria haikatazi, na wewe unajua kwamba nyuma ya pikapu hapa kwetu hupandishwa watu, wafanyakazi wa shamba juu ya magunia, watoto wakienda mnadani, sheria imekusaidia nini hasa?

Niliandika tangazo. Niliweka namba, rangi, injini, na mstari wa mwisho: chasisi iliwahi kuvunjika, imeungwa na kuongezewa chuma, haifai mzigo mzito. Mjomba akaufuta mstari huo. Akaandika mwenyewe: gari zuri, halina shida. Sikusema kitu. Nawaambia ukweli, nilinyamaza, nikajiambia kwamba tangazo si langu tena.

Mteja alikuja Jumamosi, mimi nikiwepo. Kijana wa miaka kama 25, kutoka upande wa Ifakara, anataka kubebea mpunga. Pesa anayo, milioni 28, ya kwake na ya kaka zake. Alilizunguka gari mara mbili kama Mjomba alivyolizunguka. Nikamuuliza, "Umekuja na fundi?" Huo ndio ulikuwa ushujaa wangu wote, nilitaka aligundue mwenyewe, nisionekane. Akacheka. "Dada, Hilux fundi wa nini?"

Waluguru ni watu wa ukoo wa mama. Kwetu mjomba si ndugu tu wa mama. Ndiye mwenye sauti juu yako. Yeye ndiye anayesimama unapoolewa, unapougua, unapozikwa. Kumkosoa mbele ya mgeni ni jambo ambalo mama yangu asingeliamini kama asingeambiwa na Mjomba mwenyewe. Lakini kijana alikuwa ameshaanza kuhesabu pesa, na nikaona tena uvungu ule, na fundi aliyetoka bila kusema neno. Nikasema, "Chasisi yake ilivunjika. Iliungwa. Usiipakie tani."

Kijana akamtazama Mjomba. Mjomba akatazama chini. Kijana akafunga begi lake, akaaga kwa adabu, akaondoka. Mjomba hakunifokea. Aliniambia tu, "Haya mwanangu, umesema," akaingia ndani. Kwa miezi miwili hakupokea simu yangu.

Kama ningeishia hapa, ningekuwa nimejiandikia sifa. Lakini miezi ile miwili iliniletea wazo ambalo sikulikuta kwa Cicero wala kwa Tomaso. Ukweli nilioutoa ulikuwa ni wa bei ya mtu mwingine. Nilisema neno moja, nikarudi Dar kwenye mshahara wangu; deni likabaki Mgeta. Gari lilinunuliwa baadaye na mwenye gereji kwa milioni 17, akijua kila kitu, kwa ajili ya injini na giaboksi. Milioni 14 zilipotea. Ni rahisi sana kuwa Antipater kama nafaka si yako.

Sisemi kwamba nilikosea kusema. Mpaka leo nikifikiria mpunga ule na barabara ile, najua nisingeweza kukaa kimya. Nasema kwamba kusema kulinipa deni. Anayelazimisha ukweli ndani ya nyumba ya mtu mwingine awe tayari kubeba upande mmoja wa mzigo. Vinginevyo anafanya wema kwa mfuko wa jirani. Nilianza kupeleka fedha kwenye kikundi kila mwisho wa mwezi, kidogo kidogo, mpaka mkopo ukaisha. Haikuwa zawadi. Nilikuwa nalipa sehemu yangu ya maneno niliyoyasema, na, tukiongea wazi, sehemu yangu ya usiku ule wa kalamu.

Kwa sababu chanzo ni usiku ule. Mifano yote niliyoitaja inamuuliza muuzaji: una wajibu gani? Hakuna hata mmoja unaotuuliza sisi wanunuzi. Nadhani tunao, na ni huu: usimwadhibu anayekuambia. Mtu akikutajia aibu sita za gari lake, usizitoe zote kwenye bei kisha ukaondoka kifua mbele kwenda kwa asiyetaja hata moja. Zile sita ni gharama ya ukaguzi ambayo amekulipia. Dalali hakuzaliwa na ile sentensi yake. Tulimfundisha sisi, mteja baada ya mteja, kwamba daftari halilipi na rangi inalipa.

Nilikwenda Kihonda kumsalimu yule mwalimu. Gari lake liliuzwa, alisema, baada ya miezi mitano na kwa milioni mbili pungufu. Aliyelinunua alibadilisha klachi na mpaka leo humpigia simu sikukuu. Nikamuuliza kama alijuta kutusomea lile daftari. Akafikiri kidogo. "Mlipoondoka niliumia," alisema. "Nilijua mnakwenda kununua nini."

Mwezi uliopita Mjomba alinipigia. Ameanza tena kuweka akiba, polepole. Hajanisamehe kwa maneno, na sitarajii. Tulizungumza mvua, tukazungumza bei ya karoti. Kabla ya kukata akaniambia kuna mtu Mzumbe anauza Isuzu. Nikamuuliza ni gari la namna gani.

"Sijui bado," alisema. "Nimemwomba anitajie kwanza ubaya wake. Ameanza kuhesabu, nikamwambia subiri, nichukue kalamu."